Pete Ndani ya Mkate wa Zabibu

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na si kwa fahari. Tulikuwa hatujatimiza miaka mitatu Maskati tangu tutoke Unguja. Kiarabu changu kilikuwa kichekesho cha mtaa mzima, lakini Kiingereza cha shule kilinipatia kazi ya kumtafsiria Bi Nora, mkunga kutoka Ayalandi.

Mwisho wa Oktoba alinikaribisha chai. Alikuwa ameoka mkate wa zabibu wa sikukuu ya kwao, na ndani yake ameficha pete, kitambaa na kijiti. Alinieleza vizuri kwamba ni mchezo wa kutazamia bahati: anayepata pete ataolewa mwaka huo, kitambaa ni ufukara, kijiti ni ndoa ya ugomvi. Kwao wengine huloweka zabibu kwenye ulevi. Yeye aliziloweka kwenye chai ya rangi, ili na mimi nile. Nikala, nikapata pete, tukacheka sana.

Jioni niliwasimulia wanawake majirani. Pete niliitaja, kitambaa na kijiti pia. Kwamba ni mchezo, sikusema. Wakanisogelea, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekicheka Kiarabu changu, basi nami nikazidi kutia chumvi. Haikupita wiki, Bi Nora akawa mchawi.

Mwezi uliofuata jirani yetu Zuwena alishikwa na uchungu, mtoto akakwama. Bi Nora akaja mwenyewe, mimi nyuma yake. Mama mkwe wake, aliyekuwa na majirani wale wale, akatuzuia mlangoni, akasema hataki mtu wa sihiri karibu na mkwewe. Bi Nora akaniuliza anasema nini. Nikamjibu kwamba wameshapata mkunga mwengine. Akamshukuru Mungu, akarudi zake.

Nyumbani nililia, nikamwambia mama yote. Hakunigombeza.

"Uliogopa ule mkate," akaniuliza, "au uliona raha kusikilizwa?"

"Niliona raha, mama."

"Basi nenda kaseme na yale uliyoyaacha."

Nilikwenda, nikayasema mbele ya wanawake wale wale. Bi Nora akaitwa, akamzalisha. Zuwena alipona na mtoto alipona, ila mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umeshavutwa vibaya na waliojaribu kumzalisha kabla Bi Nora hajarudi, na haukupata nguvu tena.

Leo mtoto yule ni mtu mzima mwenye mvi. Kila Idi huja kuniamkia, hunipa mkono wa kushoto, na kila mara huniomba radhi kwa kunipa huo. Mimi namwambia si kitu. Haya ninayoiona hapo, mwanangu, siwezi kukueleza.

Ukisimulia habari za mtu, usiiache ile sehemu inayomtoa makosani, hata kama ukiitaja wasikilizaji watakuondokea. Na ukikosa, mwombe radhi mwenyewe uliyemkosea. Mimi nilikiri kwa wanawake wa mlangoni, nikakiri kwa Bi Nora, lakini kwa mwenye mkono sijathubutu, na umri umenikimbia. Mungu akupe ujasiri ulioninyima woga wangu, akujaalie Idi zako uzipokee kwa moyo mweupe. Amin.