Kadi ya Halima Ndani ya Tenga

Nyie wa Lukozi mmeniuliza sana. Kila anayeleta simu yake kutengenezwa lazima aanze na swali lilelile: "Fundi, ile kompyuta ya Halima imekuwaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nasimulia mara moja, msome wote, halafu mniache nifanye kazi.

Halima ni mdogo wangu, tumbo moja. Miaka sita amefua mashuka ya wageni kwenye gesti moja pale Lushoto mjini, na kwa mshahara huo alinunua mtamba mmoja. Mwezi uliopita alimuuza, akaacha kazi, akapanga fremu ndogo ya duka karibu na soko la Mlalo. Alitaka kufungua kibanda cha gemu: kompyuta moja yenye nguvu, asubuhi ichape barua za watu, kuanzia mchana vijana wacheze mpira wakilipa kwa mechi. Mwenye gesti akamwambia nafasi yake ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi, basi. "Sirudi kule, Kaka," Halima aliniambia. "Hii ikishindikana sijui nitafanya nini, lakini kule sitaki." Kisha akaniuliza kama nazijua kompyuta. Nikamjibu, "Kuna kitu cha umeme nisichokijua mimi?" Ukweli ni kwamba mimi ni fundi simu. Kompyuta ya gemu sikuwahi hata kuifungua mfuniko. Lakini mtu anakuita kaka, anakutazama vile, utamwambia nini?

Jumatatu saa tisa alasiri niliondoka Lukozi na lori la mboga la Baba Nasoro. Hela ya mtamba nilikuwa nimeishona ndani ya koti. Nyuma kulikuwa na matenga ya peasi, karoti na letusi, mbele tulikuwa watatu: Baba Nasoro kwenye usukani, utingo wake, na mimi katikati, magoti yakigonga gia. Tukapita Malindi yetu ya milimani, Magamba, Lushoto mjini, tukaanza kuteremka Soni kwa breki zinazonuka. Baba Nasoro ni mtu mzima, ameshusha mboga Dar tangu sijaoa. Aliposikia ninachokifuata akacheka. "Ng'ombe mzima kwa ajili ya mpira wa kwenye kioo? Angalia isije ikawa kompyuta yenyewe haitoi hata maziwa." Sikucheka. Mgongo ulishaanza kuniuma kabla hatujafika Mombo, na kuanzia Segera nililala kichwa kikigonga bega la utingo.

Jumanne alfajiri tuliingia soko la Ilala. Joto la Dar lilinipokea kama mtu amenifunika blanketi lililolowa. Nikaenda kwa shangazi yangu, Shangazi Mwanahawa, anayekaa karibu na hapo, nikampa shikamoo na mfuko wa peasi. Aliniwekea chai, akaniangalia. "Marahaba. Mbona umechoka hivyo na siku hata haijaanza?" Nikamwambia nimekuja kununua vifaa vya kompyuta ya Halima. "Na wewe unavijua?" akauliza. Nikasema ndiyo. Ulikuwa uongo wa pili, na wa pili siku zote ni mwepesi kuliko wa kwanza.

Saa nne nilikuwa Kariakoo. Duka la kwanza lilikuwa na kompyuta zinazowaka taa nyekundu, buluu, kijani, ubavu wa kioo, feni zinazunguka kama duka la mapambo ya harusi. Kijana wa pale akaniita bosi mara ishirini. Nikainyanyua moja kuipima uzito. Kwetu kabichi nzito ndiyo iliyofunga vizuri, na mimi sikuwa na kipimo kingine. Ilikuwa nzito kweli. Nilipouliza bei nikairudisha mezani taratibu. Hela ya mtamba wa Halima ingenunua labda taa peke yake. Nikazunguka maduka mengine saba, kila mmoja ananitajia namba na herufi, mimi naitikia kwa kichwa kama muumini asiyejua Kiarabu. Jua lilipoanza kushuka nilikuwa sina nilichonunua ila maji ya chupa tatu, na miguu imevimba.

Jumatano asubuhi nilipanda ghorofa ya tatu ya jengo moja ambalo Shangazi alielekezwa na jirani. Huko nilimkuta mwanamke mmoja, Dada Pendo, ameinamia kompyuta iliyofunguliwa, bisibisi mdomoni. Huyu hakuniita bosi. Alinitazama, akatoa bisibisi, akasema, "Una hela kiasi gani na unataka kuchezesha nini?" Nikamweleza yote. Nilipomaliza akanivutia stuli.

"Sikiliza, kaka. Usinunue kitu kipya," alisema. "Nunua hii." Akapiga kofi kasha jeusi baya lisilo na taa hata moja. "Imetoka ofisini huko nje, imetumika kuandikia barua tu. Ubongo wake ni mzuri, haujachoshwa. Inachokosa ni kadi ya picha." Kadi ya picha, akanieleza bila kunicheka, ndiyo inayochora kila kinachoonekana kwenye gemu. Bila hiyo, mchezaji anakimbia kama amefungwa mawe miguuni.

Nikaiona kadi moja kubwa kwenye kabati, ya feni tatu, bei yake nafuu ajabu. Nikaikamata. Nzito! "Nipe hii," nikasema.

"Hiyo irudishe. Kwanza imefanyishwa kazi mfululizo na wachimbaji wa sarafu za mtandaoni, imechoka kuliko wewe. Pili, pawa saplai ya kasha hili, ile inayogawa umeme ndani, haiiwezi, itazima kila dakika." Akanipa nyingine, ndogo, ya feni moja, inayoenea kiganjani. "Hii inakula umeme kidogo. Ni ndogo, lakini inafanya kazi sana."

Akaniongezea vipande viwili vya kumbukumbu badala ya kimoja, kwa kuwa viwili vinasaidiana kubeba, diski mpya ile isiyozunguka, na pedi mbili za kuchezea. Akaunganisha, akawasha. Uwanja ukatokea, nyasi unaziona moja moja, mashabiki wanapunga. Mimi ni mtu mzima lakini niliguna kwa furaha. Kichwani nilishamwona Halima amekaa mbele ya kioo kile, watu wamejaa hadi mlangoni. Nikalipa, na nikabaki na nauli.

Kabla sijaondoka Dada Pendo aliichomoa kadi, akaitia kwenye mfuko wake, kisha boksini. "Huko kwenu milimani barabara itaitikisa, itavunja inapokaa. Ibebe peke yake pajani. Usiitoe kwenye mfuko wake wala kwenye boksi. Ikiharibika yenyewe ndani ya wiki mbili, nakurudishia. Maji na moto si yangu."

"Dada," nikamwambia, "mimi ni mtu wa Lukozi. Kufungasha nifundishwe na wewe?"

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Alhamisi mchana lori lilikuwa tayari kurudi, na nyuma kulikuwa na matenga matupu tu. Sasa wasiojua kazi yetu niwaeleze. Peasi ya Lukozi inasafiri mpaka Dar na haipati jeraha kwa sababu ya majani ya kangaga, yale ya msituni Magamba. Unayatandika chini ya tenga, unayazungusha ubavuni, unayafunika juu. Na huweki nailoni hata siku moja, kwa sababu nailoni inatoa jasho, tunda linaoza. Mzigo lazima upumue. Hili kila mtoto wetu analijua kabla hajajua kusoma. Basi mimi na utingo tukachagua matenga mawili yaliyobeba letusi, kangaga zake bado laini na mbichi. Kasha tukaliweka katika moja. Kadi nikaitoa boksini, nikautazama ule mfuko wake wa rangi ya fedha ulivyobana, nikajisemea huu si ndio ule ule wa kuozesha? Nikauvua. Kadi nikailaza kwenye kangaga, nikaifunika vizuri kama yai. Tena nilijipongeza.

Baba Nasoro alipita, akachungulia. "Umefunga vizuri," akasema. Na yeye ni mtu wa Lukozi.

Ijumaa asubuhi tulikuwa Magamba, ukungu umelala barabarani, baridi inapenya koti. Malindi nikashuka na matenga yangu mawili, bodaboda moja ikanichukua hadi Mlalo, tenga moja nyuma, jingine nimelikumbatia. Matope, makorongo, kila shimo nalisikia kwenye meno. Nilifika nimechoka hivi kwamba dereva ndiye aliyenishusha mguu wa pili.

Halima alikuwa amefagia fremu, amepaka chokaa, ameweka mabenchi mawili na runinga ya kuazima. Mlangoni kibao: Kesho Tunafungua. "Shikamoo Kaka, pole na safari!" Alikuwa anaruka. Akanipa uji, sikumaliza hata nusu, mikono yangu ilishaingia kwenye tenga. Kadi niliipata pale pale nilipoilaza, haina hata mkwaruzo. Ilikuwa ya baridi na imelowa kidogo. Nikaifuta kwa ncha ya shati. Halima akauliza, "Isikae kidogo ikauke, Kaka?" Nikamwambia aache woga. Nikaichomeka, nikabonyeza.

Ilifanya tap, kitu kidogo tu, kisha harufu. Mnaoijua harufu ya simu iliyopigwa shoti mnaijua. Kompyuta ikazima. Nikaichomoa kadi, nikawasha tena, ikawaka vizuri, herufi zote zipo. Gemu ya mpira tukaijaribu bila kadi: mchezaji akanyanyua mguu, tukasubiri, tukasubiri, mguu haukushuka.

Nilimpigia Dada Pendo hapo hapo, damu inachemka. "Umetuuzia kitu kibovu!" nikafoka. "Imepiga shoti mara tu ilipowashwa! Nataka unirudishie." Kumbukeni alisema wiki mbili. Upande wa pili akasema kwa upole, "Itume, kaka, niiangalie. Kama imekufa yenyewe, nakupa nyingine. Neno langu ni lile lile."

Tatizo lilikuwa limekwisha. Kadi nyingine, Halima anafungua, mimi nabaki fundi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumshukuru. Halima alikuwa ameishika ile kadi, anaigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kwa ukucha akavuta kitu katikati ya feni. Kilikuwa kipande cha jani la kangaga, kibichi, kinadondosha tone.

"Kaka," akasema taratibu, "hii ilikuwa haina mfuko?"

Nikasema kwenye simu, "Dada Pendo, samahani. Wewe hujakosea. Nilivua mfuko, nikaifunga kwenye majani mabichi." Nikasikia anashusha pumzi. "Sasa kaka, nikusaidieje?" Akasema hawezi kurudisha, ila tukipata hela ya nyingine atatuuzia kwa bei ile ile aliyonunulia yeye. Nikamwambia asante, nikakata. Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza, masikio yalikuwa ya moto.

Halima alikaa kwenye benchi. Hakulia, wala hakunipigia kelele, na laiti angepiga. Akasema, "Ungeniambia tu kwamba hujui. Ningekupenda vile vile." Akatoka nje, akaking'oa kile kibao mlangoni.

Jumatatu iliyofuata, siku mbili kabla ya mwezi kuisha, tulitoka Mlalo pamoja asubuhi, yeye na begi lake, mimi na mikono mitupu. Alikuwa anarudi gesti mpaka apate bei ya kadi nyingine. Mimi nimeshatangaza kuuza mashine yangu ya kuyeyushia risasi, ile ya kuchomelea simu, lakini mnunuzi hajatokea, kwa hiyo anayeihitaji anajua pa kunipata. Kompyuta iko kwangu, kavu, usiku naifunika kwa mfuko, na barua tunachapa.

Njiani hakusema mengi. Tulipofika, mwenye gesti akamwonyesha tu kwa kidole rundo la mashuka uani. Halima akavua kandambili, akakunja mikono ya gauni, akaingia kazini kana kwamba hajawahi kuondoka. "Kaka, usisimame hapo, utachoka bure. Nenda ukawahi gari."

Sikwenda. Nilivua koti nikaliweka ukutani, nikachutama upande wa pili wa beseni, nikatumbukiza mikono. Nikaitoa kwa kelele. Maji yanatoka kwenye bomba moja kwa moja kutoka mlimani, mkono unakufa ganzi kuanzia vidoleni mpaka kiwikoni. Halima akacheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. "Pole pole, Fundi. Utazoea."

Nilifua naye mpaka adhuhuri na sikuzoea. Miaka sita, ndugu zangu. Miaka sita mimi nilikuwa nikiwaambia watu mdogo wangu ana kazi nyepesi, ya ndani, mjini.