Jina la Dorah kwenye kompyuta namba tatu

Dorah Adhiambo alizaliwa Susuni, kwa wakulima wa mahindi. Miaka ile dhahabu ilipovuta watu kutoka kila upande hadi kijiji cha Kewanja, alipata kazi ya kutunza kompyuta tano za maabara binafsi iliyopima mawe ya wachimbaji wadogo. Alizikuta zimejaa virusi, michezo ya karata na programu zisizojulikana nani aliziweka. Akazisafisha, kisha akazifunga: mtu asiweke programu yoyote bila paswedi yake Dorah.

Wenzake walinuna. Aliyemtetea ni Ghati, karani wa kuingiza majibu ya vipimo, ambaye Dorah alipanga naye chumba kimoja.

"Mwacheni," aliwaambia. "Majibu ya watu yakivuja, nani atatuletea tena mawe yake?"

Baadaye Ghati mwenyewe akaja. "Dada Dorah, nifungulie mara moja tu. Nataka programu ya kutengenezea picha za harusi ya dada yangu."

"Nikikufungulia wewe, wengine nitawaambia nini?"

Ghati akacheka, yakaisha. Dorah akaendelea kuchapa paswedi mbele yake bila kuficha vidole. Huyu alijua hata Dorah anapoweka ufunguo wa sanduku lake la nguo.

Jumatatu moja, mzee Kornelio, mwenye shimo la dhahabu nje kidogo ya kijiji, alikuja kuchukua majibu. Akaisoma karatasi mara mbili.

"Binti, majibu haya yametoka lini?"

"Leo asubuhi, baba. Ijumaa yaliingizwa, leo meneja ametia saini."

"Mbona juzi dalali alikuja nyumbani, akasema maabara imeona mawe matupu? Nimemwuzia shimo. Na hapa naona dhahabu ipo!"

Dorah alifungua kompyuta namba tatu, ya majibu. Ndani yake akakuta programu inayomwezesha mtu aliye mbali kuona kila kitu kwenye skrini. Iliwekwa Alhamisi, saa saba mchana, kwa jina la Dorah. Saa hiyo yeye alikuwa kliniki, na aliyebaki ofisini ni Ghati peke yake.

Alimwita nyuma ya jengo. "Ghati, ni wewe?"

Ghati hakukana. "Dalali ni mjomba wangu. Alisema ataangalia tu."

"Ukatumia jina langu."

"Ningetumia la nani? Langu si ulilifunga?"

Dorah akageuka, akamwacha pale. Jioni ya Alhamisi ileile, Ghati alikuwa amempakulia kipande kikubwa cha samaki na kumwuliza hali ya mama yake.

Dorah akaenda kwa meneja, Hezekia, akamweleza yote.

"Unajua kumbukumbu za kompyuta zinakuonyesha wewe?" meneja akauliza.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Ghati aliitwa, akakiri, akafukuzwa. Dorah naye alisimamishwa miezi miwili, kwa kuwa paswedi ilikuwa dhamana yake. Hakubisha. Alisimama mbele ya baraza la kijiji akatoa ushahidi, mauziano yakafutwa, na Kornelio akarudishiwa shimo lake. Aliporudi chumbani siku hiyo alikuta upande wa Ghati mtupu, hata pazia limebebwa.

Miezi miwili ilipoisha, maabara ilimrudisha kazini. Ghati alibaki Kewanja, na Jumapili ya kwanza walikutana mlangoni mwa kanisa. Ghati akamsalimia kama vile waliachana jana tu. Dorah aliitikia, akapita. Siku hizi anasali kanisa la kijiji cha pili, mwendo wa saa nzima kwa miguu.