Mawese kwenye gauni la mama mchungaji

Kuna watu Kasulu hawalijui jina langu hata kidogo, wao wananiita Mwalimu Mawese, na siwezi kuwalaumu maana aibu yenyewe niliitafuta kwa mikono yangu, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi nilipangiwa kufundisha Makere nikitokea Singida, na mshahara ulipokuwa haufiki popote nikaanza kuuza vyombo vya plastiki vya kuhifadhia chakula, vile visivyouzwa dukani, ila mtu anakukaribisha kwake, anaita majirani, wewe unaonyesha, wao wanaagiza, naye anapata chombo cha zawadi. Jumamosi hiyo mwenyeji wangu alikuwa Mama Odeta, aliyevushwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, na sasa ndiyo kwanza amehamia nyumba yake mwenyewe, kwa hiyo kuwakalisha sebuleni wenzake wa kanisani, pamoja na mama mchungaji, kwake lilikuwa jambo kubwa kuliko vyombo vyangu.

Siku zote natia maji, nafunga, nageuza chombo kichwa chini, wanaona hakivuji. Siku ile sijui nini kilinituma niombe mawese (nilitaka kunogesha tu, jamani). Nikajaza, nikamsogelea mama mchungaji, amevaa gauni jeupe maana akitoka hapo anakwenda harusini Nyakitonto, nikageuza chombo juu ya mapaja yake huku nikimwambia, "Hata tone, mama."

Kumbe asubuhi nilipoviosha, ule mpira wa kwenye mfuniko niliuacha ndani ya beseni nyumbani. Yalishuka yote. Nikanyakua kitambaa cha kochi nimfute, nikayasambaza mpaka kifuani, nikarudi nyuma nikaangusha vyombo vyote nilivyovipanga, na hakuna aliyecheka, ndipo nikajua hali ni mbaya. Mama Odeta alikuwa anaangalia kochi lake jipya, mawese yanalichuruzikia.

Nikaanza kulia, mtu mzima, mbele za watu. Mama mchungaji akajitazama, kisha akanishika mkono kwa vidole vyake vinavyoteleza.

"Ihangane, mwalimu," akasema taratibu (ndiyo pole ya watu wa huku). "Nguo inafuliwa. Mama Odeta, niazime kitenge, maharusi hawatanisubiri."

Mama Odeta akamtolea kile alichokuwa anakitunza kabatini, akamfunga mwenyewe, wengine wakainama kusugua kochi, mmoja akashindwa kujizuia akacheka, basi wakacheka wote, na mimi machozi bado yananitoka.

Doa la gauni halikutoka. Nilimshonea mama mchungaji jingine, akalipokea, akanikaribisha kwake nikaonyeshe vyombo, kwa sharti moja tu, kwamba safari hii nigeuzie juu ya mapaja yangu mwenyewe. Nilikwenda. Ndivyo ninavyofanya mpaka leo, kwa maji, baada ya kuupapasa mpira mara mbili, na mapaja ya mteja sitayasogelea tena maishani mwangu.