Shemeji Festo na Disketi Iliyokataa

Wewe cheka tu. Wenzako walicheka hivyo hivyo, na mmoja wao siku hizi hapiti nyumbani kwangu saa saba mchana hata umbembeleze. Sikuota, wala sikuwa nimekunywa. Yalitokea hapa hapa Ifakara, miaka ya tisini, mchana kweupe, na shahidi wangu ni mama mkwe wangu, ambaye yu hai.

Festo, mwalimu huko Mchombe, alikuwa mdogo wa mke wangu Adelina. Siku moja tukaletewa sanduku. Homa ya ghafla, wakasema. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara, maiti imechelewa njiani, wazee wa ukoo wakaamua sanduku lisifunguliwe. Tukazika. Ndiyo bwana, tukamzika bila kumwona uso.

Alichoacha kwangu ni kompyuta, maana kwake hakukuwa na umeme. Kila likizo alikuja kuandika ngano za mama yake, zile za Kindamba alizosimuliwa utotoni. Ya mwisho aliiacha katikati. Sasa baada ya arobaini ile kompyuta ikaanza kugonga ndani, ko, ko, ko. Mwenye macho haambiwi tazama: diski yake ya ndani, inayotunza kila kitu, ilikuwa inakufa.

Mama mkwe akaja. Kwetu mkwe na mama mkwe hatukai chumba kimoja, hatupeani mkono, kugusana ndiyo mwiko kabisa. Basi akasimama nje, akasemea mlangoni.

"Baba, mwanangu amebaki humo tu. Asipotee tena."

"Shikamoo mama. Hatapotea," nikasema. Kiherehere changu!

Nilijua la kufanya, Festo mwenyewe alinifundisha. Unachukua picha ya diski nzima, kila kilichomo, unaigawa kwenye disketi, vile vibapa vya plastiki vya kuchomeka, na kuzipa namba. Halafu unahakiki: kompyuta inasoma disketi moja moja na kuilinganisha na diski yenyewe. Kikipishana kitu kidogo tu, inakwambia. Asubuhi nilinakili, nikaiacha kompyuta inawaka kwa kuogopa kwamba ikizimwa haitaamka tena, nikaenda kula mjini. Niliporudi nikahakiki. Zote sawa, isipokuwa ya saba. Hazifanani, ikasema.

Nikaitupa, nikaweka mpya. Kesho yake yale yale. Nikanunua disketi za duka jingine, nikamtukana muuza duka kimoyomoyo, bado ya saba inakataa. Lakini siku niliyonakili na kuhakiki papo hapo, bila kutoka kwenda kula, zote zikapita! Hapo nikaelewa. Disketi hazikuwa na kosa lolote. Kilichokuwa kinabadilika ni diski yenyewe, wakati mimi sipo.

Nikafungua ile ngano ya mwisho. Pale Festo alipoachia, palikuwa pameongezwa mstari. "Mama, nipo. Nina njaa." Nikatazama vitufe. Vilikuwa na matope makavu, na katikati yake pumba za mpunga.

Hivi wewe ungefanya nini? Mimi nilikimbia na baiskeli hadi kwa mama mkwe, nikamweleza nikiwa uani. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Wamemfanya msukule."

Msukule, kama hujasikia, ni mtu aliyechukuliwa na wachawi. Nyie mnazika mgomba uliovishwa sura yake, mwenyewe yuko hai, anawalimia mashamba yao na kulishwa pumba. Ulimi wanaukata asije akawataja. Lakini mikono wanamwachia, wanaihitaji kwa jembe.

"Nitampikia," mama akasema. "Akila chakula cha kwao chenye chumvi, akili itamrudia, atabaki. Ila sikiliza, baba. Asiitwe jina kabla hajala. Akiitwa, anashtuka, anakimbia, na hao watu wanamhamisha asionekane tena." Hayo alinionya yeye, mama mtu, kwa kinywa chake.

Adelina alikuwa Mang'ula kikazi. Najuta hadi leo kwamba hakuwepo, kwa sababu ambayo utaiona.

Kesho yake mama akapika wali na kambale wa kuchoma. Nikaweka sahani kando ya kompyuta, mlango tukaurudisha bila kufunga. Sisi tukajibanza nje dirishani, yeye upande wake na mimi upande wangu, mvua inatunyeshea. Ilipofika saa ya watu kula, mlango ukasukumwa.

Haki ya Mungu, alikuwa Festo. Amevaa gunia, matope hadi magotini, nywele zimejaa pumba. Macho yake hayakuwa yanatazama kitu. Alikaa kwenye kiti chake cha siku zote akaanza kuandika taratibu, kidole kimoja kimoja. Mara pua ikacheza. Akageuka, akaiona sahani. Akafinyanga tonge vizuri kabisa, vile mama yake alivyomfundisha, akalipeleka mdomoni.

Akafungua mdomo. Ndani hamkuwa na ulimi.

Mama aliona nilichoona mimi. Nilimsikia akivuta pumzi, nikajua inayokuja. Mkono wangu ukanyanyuka wenyewe kumziba mdomo, ukaishia hewani. Nimguse mama mkwe? Usoni? Jamani, mambo uliyofundwa tangu utoto hayakuulizi ruhusa, yanakushika tu.

"Festo! Mwanangu!"

Tonge likaanguka. Alimtazama mama yake mara moja, na safari hii macho yalikuwa yanaona, nakwambia, yalimtambua! Halafu akatoka mbio kuelekea mtoni. Tulikimbia nyuma yake, mama kanga zinamwanguka, hadi nyayo zikaishia majini.

Kwenye kompyuta alikuwa ameandika, "Mama, nasikia harufu ya mapishi yako." Nilinakili siku hiyo hiyo na kuhakiki, na disketi ya saba ikakubali. Haikukataa tena, maana hakurudi kuandika. Diski yenyewe ilikufa wiki ile. Tuliomba kaburi lifunguliwe, ukoo ukagoma. Nilimpelekea mama zile disketi, akazisukuma pembeni. Za nini kwake?

Alihamia kwetu. Kila mchana anapika, anatenga sahani na kuegesha mlango. Na kabla mama hajakaa kusubiri, Adelina anamfunga kanga mdomoni, fundo kisogoni, anakaza. Ameomba mwenyewe afungwe. Anakaa hivyo hadi wali upoe.

Kwa hiyo wewe unayecheka, ukiletewa sanduku limefungwa, ligombanie hadi lifunguliwe. Na ikitokea uliyemzika amekuja kula kwenu, na mama yake amesimama karibu yako, mzibe mdomo. Mkwe au si mkwe, mzibe. Radhi utamwomba huyo mama, mtoto akishashiba.