Kinyozi Aliyejifundisha Maneno

Mtaani walimwita Ukuta. Alikuwa kinyozi, na alinyoa watu bila kuwauliza habari za watoto wala za mpira. Hakuwa na kiburi. Alifanya kazi kwa sikio. Wembe ukienda vizuri hutoa mkwaruzo mwembamba, na ukifika penye ngozi iliyojikunja, sauti hubadilika. Akiwa kimya aliisikia.

Kaka wa mkewe hakuiona kazi hiyo. Aliona benchi lisilojaa, na kinyozi wa ng'ambo ya barabara aliyevuta watu kwa porojo.

"Shemeji, kwako watu wananyolewa kama maiti," alimwambia. "Changamka kidogo. Mdomo haulipiwi kodi."

Mkewe, aliyekuwapo, akacheka, na kicheko hicho kikamchoma kuliko maneno. Basi akaanza kujifundisha mbele ya kioo cha kazini: kutabasamu, kukonyeza, kutia chumvi. Wateja walimtazama kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Mteja mmoja kinyozi alimthamini kuliko wote: mwalimu mstaafu, aliyekuja kila wiki kunyolewa ndevu huku amefumba macho. Hawakuwahi kuzungumza la maana, lakini kinyozi hakuwa na rafiki mwingine. Mwalimu alipofiwa na mkewe, alirudi kitini mara tu baada ya mazishi, akafumba macho kama kawaida.

Kinyozi angemnyoa tu. Lakini shemeji alikuwa benchini, akimkazia macho.

"Leo nakutengenezea kidevu cha bwana harusi, mwalimu," kinyozi akasema. "Huwezi kujua nani anakuangalia."

Shemeji akaangua kicheko. Wembe ukateleza, damu ikashuka shingoni.

Mwalimu akachukua taulo, akasimama na povu upande mmoja wa uso.

"Nyumbani kwangu wamejaa wasemaji," alisema taratibu. "Hapa nilikuja kupumzika."

Hakurudi tena.

Kinyozi sasa ni Ukuta kama zamani, na wembe anausikia. Juzi shemeji alimwuliza, "Mbona umenuna tena?"

"Sijanuna. Ndivyo nilivyo."

Jibu hilo lilikuwa mdomoni mwake tangu siku ya kwanza, na halikuhitaji ujasiri mkubwa. Alilimeza ili apendwe na watu ambao hata ndevu zao hunyolewa ng'ambo ya barabara. Mwalimu bado hupita mbele ya mlango ule. Amefuga ndevu, zimefika kifuani, na hageuzi shingo.