Shahidi Wangu wa Vihingo

Mimi nina hasira za karibu, na ujanani nilizoea kuziita bidii. Ndivyo nilivyokuwa nilipojifunza ukarani wa baraza, yaani mahakama ya wenyeji, pale Kisarawe, miaka michache baada ya vita vya pili. Tulikuwa vijana wanane. Mawakili hawakuruhusiwa kusimama katika mabaraza ya wenyeji, lakini mwalimu wetu alishikilia kwamba karani asiyejua kutetea hawezi kuandika sawasawa maneno ya anayejitetea. Kwa hiyo mafunzo yalipokaribia kwisha alitushindanisha kwa kesi za kutunga, akatuchuja mpaka tukabaki wawili, mimi na kijana mmoja wa Sofu. Tungekutana mbele ya liwali, hakimu wa baraza, na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya.

Mshindi angepewa kalamu ya wino, tena angechagua mwenyewe baraza la kwenda kufanya kazi. Kalamu ilinipendeza, lakini nilichotaka ni Mlandizi. Mama yangu alikuwa peke yake Dutumi, mjane, macho yameanza kuingia ukungu, na nikiwa Mlandizi ningemfikia kila wiki. Nilipokwenda kumwona kabla ya mashindano nilimwambia, "Mama, wallahi nakuja kuwa karani Mlandizi." Akaniambia nisiape. Nikaapa tena huku nacheka.

Kesi tuliyotungiwa ilikuwa ya minazi. Mtu ameazimwa shamba alime muhogo, akapanda minazi, na sasa mwenye ardhi anataka atoke. Mimi nilimtetea aliyepanda. Kila mmoja wetu alitakiwa alete shahidi, nami wangu nilimpata kwenye kibaraza cha boma la serikali, mzee wa Vihingo aliyekuja kuomba kibali cha kukata nguzo za nyumba yake msituni. Nyumba ilikuwa imemwangukia upande mmoja. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba ni mchezo wa wanafunzi, nikamwomba angoje siku mbili. Alikubali kwa upole hata nikaona kama ni haki yangu. Nikamfundisha maneno yake: alikuwepo minazi inapopandwa, na mwenye ardhi aliona akanyamaza. Aliyashika vizuri kuliko nilivyotegemea.

Siku yenyewe chumba cha baraza kilijaa. Yule wa Sofu alianza, na nilijua mapema kwamba nina kazi. Alisema taratibu, akamchekesha Bwana Shauri, shahidi wake akajibu kila swali bila kutetereka. Liwali alikuwa akiandika. Nilichoona mbele yangu si ile kesi, ni Mlandizi ikiniponyoka.

Zamu yangu ilipofika nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniambia nilifanye. Rafuni palikuwa na Msahafu wa baraza, umefungwa kitambaa cha kijani, ule ule walioapia watu wa kesi za kweli. Shahidi wa mwenzangu hakuapishwa. Nikasema kwa sauti kubwa kwamba mtu wangu ni mkweli, wala haogopi kuapa, naomba aapishwe. Liwali aliinua kichwa, akanitazama kwa muda. Leo najua alikuwa akinipa nafasi ya kurudi nyuma. Mimi nilidhani amevutiwa.

Mzee aliomba maji ya kutawadha. Tukamngoja, na watu waliokuwa wakinong'ona wakaacha. Aliporudi mikono yake ilikuwa bado inadondoka maji. Akaikausha, akauweka mkono wa kulia juu ya Msahafu, akaapa kusema kweli. Nikamuuliza kama alikuwepo minazi ilipopandwa.

"Mwanangu," alisema, "hiyo minazi mimi sijaiona. Na huyo mwenyewe simjui."

Watu walicheka. Nikamsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, si tulielewana? Huu ni mchezo tu."

"Mchezo ulikuwa mchezo mpaka ulipouleta huu," akasema, bila kuuondoa mkono. "Sasa nisemeje? Wewe ungesema uongo hapa?"

Nilisema kwamba sina swali lingine, nikakaa chini, na hasira niliyokuwa nayo juu ya mzee yule naona aibu mpaka leo kuitaja. Alasiri mwenzangu alipewa kalamu mbele ya watu wote, akaulizwa anataka baraza gani. Akasema Mlandizi, kwa kuwa ni karibu na kwao. Mimi nilipangiwa kubaki Kisarawe. Mzee alikuwa amekaa ukutani, na nilipotoka alijaribu kuinuka anisemeshe. Nikapita kama sikumwona.

Jumamosi yake nilikwenda Dutumi. Mama alinijua kwa hatua kabla sijapiga hodi. Nikamweleza yote, jinsi nilivyoshindwa na nani aliyeniangusha, nikimlaumu mzee neno kwa neno. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mlandizi si kitu," akasema. "Lakini uliniapia, tena mara mbili. Huna cha kuwalisha maskini kumi kuwa kafara ya kiapo, basi utafunga siku tatu."

Nilimwambia nilisema kwa furaha tu, kama watu wanavyosema. Hakubishana. Kabla ya alfajiri nilimsikia akinawa, na nilipotoka alikuwa amenitengea daku, na yake pembeni. Alikuwa anafunga pamoja nami, yeye ambaye hakuapa chochote. Nilimsihi asifunge, akajifanya hasikii.

Jioni tulifuturu uji na muhogo wa nazi. Njaa ilikuwa imenilainisha kidogo, nikawa najiandaa kumwambia kwamba nimekosa. Mama alipapasa kikombe chake, akanywa, akakiweka.

"Na yule mzee," akauliza, "nyumba yake si imeanguka? Alipata kile kibali?"

Sikuwa nimeuliza. Alikaa bomani siku mbili kwa ajili yangu, na hata jina lake sikuwa nalijua.