Harusi na Zamu ya Maji

Fundi mkuu wa maji wa manispaa, tuliyemzika Jumamosi, hakuketi nyumbani kwa mtu kabla ya kupita jikoni kukaza bomba linalovuja. Alifanya hivyo hata kwa wakwe zake, na wanawe wakaona haya. Viganja vyake vilikuwa na sugu za ufunguo mzito wa kufungia maji ya mitaa. Sauti yake ilikuwa ndogo, hivyo aliyetaka kugombana naye ilimbidi amsogelee.

Mwaka wa ukame, siku ya harusi ya bintiye mkubwa iliangukia zamu ya mtaa wao kukatiwa maji. Masufuria yalikuwa yameshainjikwa uani. Mkewe alimfuata hadi kwenye shimo la bomba kuu.

"Baba, leo tu! Wageni watanawa kwa mate?"

"Nikiwafungia wenzetu badala ya sisi, kesho nitawatazama kwa macho gani?"

"Hao ndio watakaokuzika?"

Akafunga. Kisha, akiwa na suti yake ya harusi, akaenda kuchota mtaa wa pili, akarudi na ndoo mbili, akaenda tena. Bibi harusi alimkuta langoni, suruali imelowa hadi magotini.

"Baba, weka chini. Watu wanakusubiri."

"Wanasubiri maji, mwanangu."

Binti akakunja gauni, akashika ndoo moja. Mjane anasema alikuwa amewaandalia maneno makali. Alipowaona wakija wameongozana, alivua viatu, akatafuta ndoo ya tatu.